Vyuma Viwili vya Ardhi

Hai Jalaba, Juba
Jumatano, alasiri

Taban mwanangu,

Salamu nilikupa kwa mdomo asubuhi, na habari za nyumba hii unazijua kuliko mimi, kwa hiyo nitaanzia pale tulipoachia. Mchana ulisimama mlangoni na shati lako la kwaya begani, ukaniambia, "Mama, leo jioni ukiwasha redio, ongea na Mama Simiyu. Msalimie tu." Nikakujibu kwamba nina kazi. Ukaniuliza, "Kazi gani? Hiyo ya kununa?" Kisha ukasema malesh, samahani, ukaenda zako Kator kuwaaga wenzako, na mimi nikabaki nimeshika kitambaa, nafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Kesho alfajiri unapanda basi la Nimule, na Mungu akipenda utafika Kitale kwa baba yako na mke wake, huyo Mama Simiyu, uanze chuo. Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala mahali pa kuficha pesa, wala kutomwachia mtu begi. Hayo umeyasikia mpaka unayasema kabla yangu. Nimekaa hapa mezani kwenye redio. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu imegoma. Nilifungua daftari langu la kila siku, nikaandika tarehe ya leo, nikaona chini yake hakuna neno linalokubali kukaa. Ndipo nikachukua karatasi hizi.

Swali lako lilikuwa la haki. Nina mpaka saa kumi na mbili, saa yenu ya redio, kulijibu.

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Hilo si siri, hata Nalongo wa dukani analijua, na anayoyajua Nalongo yanajulikana hadi Mangateen. Lakini nataka ujue wivu wangu ulipitia wapi, kama vile tulivyokuwa tukifuata waya kwa kidole kutoka kwenye soketi hadi kwenye redio.

Mimi na baba yako tulikutana ndani ya kelele. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Kitale, alama nzuri, karo ya chuo haikupatikana, nikaajiriwa kwenye chumba cha redio cha shirika moja la misaada kule Lokichoggio. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza vituo vya porini: nani mgonjwa, uwanja gani wa ndege umejaa maji. Wengine pale walisikia mahindi yakikaangwa. Mimi nilisikia mtu ndani ya yale mahindi. Baba yako alikuja kutengeneza antena, akanitazama nikiandika ujumbe ambao yeye hakusikia hata silabi yake, akasema, "Dada, wewe una masikio ya popo." Hiyo ndiyo iliyokuwa posa. Nyingine sikupata.

Tuliporudi kwetu Juba ulikuwa mdogo wa kubebwa. Baba yako alikaa kwa muda, kazi haikuonekana, akarudi Kitale kutafuta kazi. Akapata kazi. Kisha akapata na mke. Mara ya mwisho alipokuja alileta redio hii, akaiweka juu ya meza hii, akafunga waya wa antena kati ya mwarobaini na nguzo ya tangi, akaniambia nitafute kibali ili aweze kuongea na mwanawe. Simu ilikuwepo, unakumbuka. Lakini kwenye simu nyinyi wawili mlikuwa mkiulizana "uko poa?" "niko poa," basi. Kwenye redio mtu husema mpaka amalize, kisha anasema ova, na mwenzake hawezi kumkatiza hata akitaka. Nadhani ndiyo sababu mliipenda. Baba yako hajawahi kusikilizwa hivyo popote pengine.

Ile miaka ya mwanzo ndiyo ninayoiona tamu, na nitakuambia kwa nini, ingawa haitanipa sifa. Ulikaa kwenye stuli, miguu ikining'inia, ukinitazama mdomo. Sauti ya baba yako ilifika ikiwa imepita kwenye mchanga. Wewe ulisikia shhh. Mimi nilisikia "mwambie asome." Ukaniuliza, "Amesema nini, mama?" nami nikakuambia. Kila jioni, amesema nini, mama. Hakuna neno la baba yako lililokufikia bila kupita kwangu. Yale ya kukutaka unisaidie kuchota maji, hayo hakuyasema yeye.

Kisha ukakua, ukaanza kuuliza maswali ya mtu mzima. "Mama, hii kelele inatoka wapi?" Ningekujibu kwamba inatoka mbinguni, na kwa sehemu ingekuwa kweli. Lakini wewe unanijua. Nikipewa kazi yenye utaratibu siwezi kuikataa, hata ikiwa kazi yenyewe ni kuchimba shimo chini ya kiti changu.

Tukaanza. Redio kwenye betri, meni suichi ya nyumba tukaizima, na nusu ya mchanga ikamwagika papo hapo. Ulinitazama kama nimefanya muujiza. Kumbe adui alikuwa amelala ndani. Tukarudisha kimoja kimoja: chaja ya simu, ikazomea, zile balbu za bei rahisi, zikazomea zaidi, inveta ya sola, hiyo ikanguruma kama pikipiki. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu, na lilitokana na sifa yangu. Mimi napenda vitu vikae sawa. Nilikuwa nimeufunga waya wa antena pamoja na nyaya za umeme kwa vibanio vya plastiki, zikapita ukutani zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride, na waya uliobaki nikaukunja vizuri chini ya meza. Kila mgeni alinisifu. Na kila mita ya ule unadhifu ilikuwa inapitisha uchafu wa inveta kwenda kwenye antena, kwa sababu nyaya zikilala ubavu kwa ubavu huambukizana. Tuliukata ule uzuri wote. Antena ikapita upande wake, umeme upande wake, na pale zinapolazimika kukutana zikavukana kama njia panda. Nyaya za betri tulizisokota pamoja, wewe umeshika ncha mlangoni, mimi dirishani, tukicheka kama wasuka kamba walevi. Kilichopendeza macho yangu hakikuipendeza redio, na ilinichukua muda kukubali kwamba redio haina macho.

Zile pete za feraiti tulizipata sokoni kwenye mafungu ya vifaa vibovu, ule uvimbe mweusi ulio kwenye nyaya za kompyuta za zamani. Muuzaji alidhani tumerukwa na akili, tunanunua uvimbe na kumwachia waya. Tukazungushia nyaya za chaja humo, mizunguko mingi kadiri tundu linavyokubali. Kelele ikazidi kushuka.

Halafu Nalongo akaja na kiatu kimoja mguuni.

"Mama Taban, mimi iko nauliza. Mtoto yako iko nalia kama bata ndani ya spika yangu. Kila jioni. Wateja nasema duka yangu iko na jini."

"Si jini, Nalongo. Ni redio yetu. Waya wa spika yako unaikamata."

"Sasa mimi nafanya nini na bata yako?"

"Nipe spika, nikuwekee pete."

"Pete?" Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mume yako ametoroka, wewe unavalisha spika pete."

Ulicheka sana siku ile. Mimi pia nilicheka, lakini usiku wake nililitafuna lile neno. Tukamwekea pete zake, bata akanyamaza, na tangu hapo Nalongo hutuuzia soda baridi kwa bei ya ndugu.

Jioni ya kwanza iliyokuwa safi kabisa sijaisahau. Baba yako aliita, na sauti yake ikawa humu chumbani, kama mtu aliyekaa kitandani. Nilimsikia akivuta pumzi. Wewe hukunitazama mdomo. Hukuniuliza amesema nini. Ulisogeza stuli mbele, na mimi nikaona mgongo wako. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, safi, bila chembe ya mchanga: "Mwanangu, umekula?"

Na wewe ukasema, "Nimekula, mama."

Hilo neno nililisafishia njia kwa mikono yangu miwili. Nilikata vibanio, nikasokota nyaya, nikavalisha pete, ili mwanamke mwingine akuite mwanangu nami nisikie kila herufi.

Tangu siku ile nikahamia nje saa ya redio. Ukakuta kila jioni nina jambo pale rakuba, kwenye kile kibanda cha nyasi tunachopikia. Hukuwahi kuniuliza kwa nini samaki wa kukaanga walianza kuliwa nyumba hii saa kumi na mbili kamili, wakati zamani tulikula saa mbili. Nilitaka harufu iingie dirishani ikuvute shingo. Nilikaanga vitunguu ambavyo havikuhitajika. Kupitia dirisha nilikuona umeinamia maiki, unaongea, unacheka, hugeuki. Mafuta yalikuwa yakirukia mkono wangu, nami nikawa nasema moyoni, sawa, na akupikie yeye kwa redio.

Haya mengine unayajua kwa sababu ulikuwepo, nayaandika ili ujue kwamba nami nayajua.

Chuma cha kwanza cha ardhi, cha kuifunga redio na udongo, nilikigongomea karibu na bomba la maji, nyuma, kwa sababu udongo wa pale haukauki wakati wa kiangazi. Nilijiona mwerevu. Kutoka redioni hadi bombani ulikuwa waya mrefu uliozunguka nusu ya nyumba. Nilidhani unapeleka kelele udongoni. Kumbe waya mrefu namna ile haufiki kuwa ardhi, unageuka antena ya pili, unakusanya kelele ya ua mzima na kuileta ndani, na ukitangaza unazomea ua mzima. Kwa hiyo nikagongomea chuma cha pili hapa chini ya dirisha, waya mfupi na bapa, na redio ikatulia. Kile cha bombani nikakiachia inveta. Wewe ulimsimulia baba yako jioni ile, na mara moja ukaniita nikiwa rakuba: "Mama, baba anasema usiviache vyuma viwili katika nyumba moja bila kuviunganisha. Anasema weka waya mnene kati yao."

Nikajibu, "Mwambie aunganishe vyake."

Ulirudi ndani. Sijui ulimwambia nini.

Angesema hivyo fundi yeyote wa mjini, ningechukua jembe asubuhi yake. Kitabu cha redio nilichosoma Lokichoggio kilisema vivyo hivyo. Nilijua. Lakini neno lilitoka Kitale, na katika nyumba ile nilimwona yule mwanamke amekaa pembeni akisikia mume wake akinielekeza. Nikaviacha vyuma viwili, kila kimoja na udongo wake.

Mvua za kwanza zilipokuja, radi ikapiga nguzo ya tangi. Wewe ulikuwa shule. Ilishuka kwenye chuma kimoja, ikataka kwenda kwenye kingine, na njia pekee iliyokuwepo kati yao ilipita ndani ya redio. Uliporudi ulisikia harufu kabla hujavua viatu. Ukaifungua redio kwa bisibisi, ukatazama ndani muda mrefu, ukaifunga tena, ukarudisha kila skrubu mahali pake. Ningependa ungenigombeza.

Nilidhani sasa nimekupata. Nisamehe kwa hilo neno, ndilo nililolifikiri. Jioni zikawa zetu wawili. Ulifanya kazi za shule kwenye meza hii, redio iliyokufa mbele yako, ukanijibu kila nilichouliza kwa adabu, na adabu yako ilinichoma kuliko mafuta ya samaki. Samaki wenyewe niliacha kuwapika saa ile. Hapakuwa na wa kushindana naye. Kisha nikagundua kwamba jioni unapitia kwa Nalongo, kwa sababu pale dukani mtandao wa simu unashika vizuri, unaongea na baba yako umeegemea friji ya soda. Nikamwonea wivu na Nalongo. Nikaenda dukani kumwuliza kwa nini anamweka mtoto wangu kwake.

Hakukasirika. Alikuwa anapanga sabuni. "Mama Taban, wewe nakasirikia nani? Mtoto iko na masikio mbili. Moja yako, moja ya baba yake. Ukikata ile moja, hata hii yako itasikia vibaya."

Nilimwambia hajui anachosema. Nikanunua sabuni ambayo sikuihitaji.

Jumamosi yake nikakuamsha tuende sokoni, tukatafuta waya wa kuchomelea vyuma, ule wa zamani, mnene kama kidole, shaba tupu ndani. Tulichimba mtaro kutoka dirishani hadi bombani. Uliniuliza mara moja tu, "Kwa nini tusikate kimoja tukabaki na kimoja?" Nami nikakueleza kama mtu anayekumbuka somo: chuma cha bomba kina inveta, cha dirisha kina redio, na vyote viwili vina kazi. Huwezi kuchagua. Kinacholeta balaa ni kila kimoja kuvuta upande wake huku chombo kimekaa katikati. Vifunge kwa waya mnene, viwe ardhi moja, na radi ikija haitakuwa na sababu ya kupita ndani ya nyumba. Nilikuwa nasema huku natifua udongo, na nilipofika mwisho wa maneno nikasimama. Ukanitazama. Ukasema, "Endelea, mama." Sikujua kama unamaanisha kuchimba.

Redio ilipopona, baada ya kubadilishiwa vipande vilivyoungua, hata ile kelele ndogo iliyokuja na vyuma viwili ilikuwa imeondoka. Baba yako alikuwa na haki, na sikumwambia. Nilirudi ndani, nikawa nakaa kitandani nyuma yako saa ya redio, nashona, sisemi. Ulidhani nimepoa. Nilikuwa nasikiliza.

Sasa nikuambie kuhusu nyumba unayokwenda, maana naijua ingawa sijawahi kuiona. Kuna jogoo asiyejua saa. Kuna friji kuukuu inayoshtuka, tak, na ikishtuka redio ya baba yako inatetemeka kidogo. Kuna mlango wa mabati. Kila baba yako akibonyeza maiki kuna mvumo chini ya sauti yake, mzito, wa umeme wa nyumba. Hakika waya wake wa ardhi umelegea mahali fulani, au umeshika kutu. Yeye hausikii kwa sababu amezoea. Fundi hasikii nyumba yake. Ukifika usiende moja kwa moja na bisibisi kama ulivyozoea hapa. Ngoja wiki kadhaa. Mwache baba yako akuonyeshe kituo chake na wewe ukisifu. Na siku ya kutafuta kelele, usimzimie Mama Simiyu meni suichi bila kumwuliza. Ana vitu kwenye friji. Zima ukishaambiwa, na urudishe mwenyewe.

Na kuna wivu mmoja zaidi, ambao sijaulizwa. Nakuonea wivu wewe. Utakaa kwenye darasa la chuo na chombo kinachochora kelele kwenye kioo, uone kila mstari na jina lake, kitu ambacho mimi nilikitafuta kwa sikio miaka yote hii nikiwa nimefumba macho. Barua yako ya kukubaliwa ilipofika nilishangilia kama mama yeyote, kisha nikaenda bombani nikafungua maji yakamwagika bure. Alama zangu hazikuwa mbaya, Taban. Nakuambia si ili usome kwa niaba yangu. Soma kwa yako. Ila siku utakayokiona hicho chombo kwa mara ya kwanza, nieleze kinavyoonekana, polepole, rangi zake na kila kitu, na usiniulize kama nimeelewa.

Kuhusu wivu sina dawa ya kukuachia. Ninachojua ni kwamba ukiupa waya mrefu, uzunguke nyumba nzima, ukapitie rakuba na dukani kwa jirani, hautafika ardhini. Utautangaza tu. Mimi niliutangaza miaka, na wewe ndiye uliyekuwa spika.

Ni saa kumi na mbili kasoro. Hujarudi. Sijui kama kwaya wanakuchelewesha au umechelewa makusudi.

*

Nimewasha. Nakuandikia sasa hivi, haraka haraka, ndiyo maana hati imebadilika.

"Juba, Juba, hapa Kitale. Taban, umefunga mzigo? Ova."

Nikabonyeza. "Taban yuko Kator. Ni mimi. Ova."

Nikasikia mvumo wake, na jogoo.

"Mama Taban? Kuna nini? Mtoto ni mzima? Ova."

"Mzima. Nataka kuongea na mwenye nyumba. Ova."

"Mwenye nyumba si ndiye mimi? Ova."

"Usinichekeshe. Mwite mama watoto. Ova."

Akasema Mama Simiyu anakuja, ana unga mikononi, na kwamba yeye mwenyewe anatoka nje kutazama ng'ombe. Baba yako na ng'ombe saa hii. Basi kukawa na kukwaruza, kimya, kukwaruza, kisha sauti katikati ya neno: "...hapa? Ndiyo hapa? Mama Taban, shikamoo. Sijawahi kuishika hii kitu, siku zote Baba Simiyu ndiye hunishikia. Naogopa itanipiga shoti."

Baba Simiyu. Lilinipita kifuani hilo, nikaliacha lipite.

"Marahaba. Haipigi. Ukimaliza kusema achilia kitufe. Ova."

"Sawa. Nilitaka kukuuliza kitu kabla kijana hajafika, na yeye mwenyewe hasemi. Anakula nini? Namuuliza kila siku umekula, anasema nimekula. Zamani alikuwa anatuambia yote. Leo mama anakaanga samaki. Leo mama ameweka vitunguu, nasikia harufu mpaka hapa. Huyu Simiyu wangu alikuwa analia anataka samaki ya kwa Taban. Tulikuwa tunakula sukuma hapa huku tumekasirika. Halafu redio ikaharibika, na iliporudi akawa hasemi tena chakula. Nikadhani pengine tuliuliza sana."

Taban. Kumbe ulikuwa unawaambia.

Nikabonyeza kitufe. Kisha nikamwambia. Kwamba unakula chochote isipokuwa bamia iliyolala. Kwamba unaona joto usiku, unapenda kulala karibu na dirisha. Kwamba ukiumwa husemi. Akikuona umevaa soksi mchana, ajue una homa. Kwamba samaki nakaanga kwa mafuta mengi na limau mwishoni, wala si siri kubwa. Akanishukuru, akasema usiwe na wasiwasi, mama, akasema na mimi nije siku moja nimwonyeshe. Hakusema ova. Nadhani aliiweka maiki chini ya kitu, labda sahani, na kitufe kikabaki kimebonyezwa, kwa sababu nyumba yao yote iliendelea kuja humu ndani, na mimi sikuwa na namna ya kumkatiza. Friji ikashtuka. Mlango wa mabati ukafungwa. Kisha nikamsikia kwa mbali, safi, kila herufi:

"Simiyu, toa vitabu vyako kwenye hicho kitanda cha dirishani."

"Kwani? Si ni changu?"

"Ni cha Taban. Mama yake amesema anaona joto."

"Na mimi nilale wapi?"

"Lala ukutani. Na ukimwona amevaa soksi mchana uje uniambie haraka. Mama yake amesema."

Nilikaa nikasikiliza mpaka baba yako aliporudi kutoka kwa ng'ombe na kuiona ile maiki.

Nimewasha jiko. Samaki wako watakuwa tayari ukifika, na wengine nitakufungia kwenye karatasi uwapelekee, wamekauka vizuri, watafika. Mpe Simiyu mkubwa kuliko wote, kwa sababu ya kitanda.

Na ukishakaa siku chache, umfundishe Mama Simiyu kuachilia kitufe. Lakini si siku ya kwanza.

Mama yako